Mapipa 2,812 kwa siku: tuyajengee bomba?

Mdau, Nakuru: Tangu kisima cha Ngamia-1 kipate mafuta Lokichar Kusini, Turkana, mwaka 2012, kila mtetezi wa bomba la kupeleka mafuta hayo Lamu hutaja kisima cha Twiga South-1: mapipa 2,812 kwa siku kutoka mwamba wa Auwerwer, majaribio ya 2013. Hasemi kwamba hiyo ni jumla ya majaribio matatu. Wananchi wapewe data kamili: ukubwa wa tundu la choki (kifaa kinachobana mtiririko), shinikizo la chini kisimani na muda wa kila jaribio. Bila hayo, hesabu ya mapipa haina uzito.

Dada wa Milimani, Kisumu: Kaka, hata choki haitoshi. Siri ya kisima hujulikana kikishafungwa. Unaanza na choki ndogo, unaipanua hatua kwa hatua, mtiririko ukitulia unafunga valvu; geji (kipimo cha shinikizo) iliyoko chini inaandika shinikizo likipanda, kwa muda mara moja na nusu hadi mbili ya ule wa kutiririsha. Lisiporudi lilipoanzia, huenda mchanga wenye mafuta ni mfuko mdogo uliozingirwa na udongo wa ziwa la kale. Likipanda upesi likatulia, mwamba unapitisha vizuri. Kama mtiririko ulikuwa mdogo, basi kuta tu za kisima ndizo zimezibwa na matope ya kuchorongea, na hapo asidi au kutoboa upya husaidia. Lakini tusiwasingizie Tullow, kampuni iliyochimba, kuficha. Tabaka la Lokhone ya Chini, kisimani Ngamia-1, lilitoa mapipa 281 kwa siku tu, na ikatangazwa.

Fundi, Kitale: Nta je? Mafuta ya Lokichar yakipoa chini ya nyuzi 40 hivi huganda kama Kimbo. Ndiyo maana malori yaliyoyashusha Mombasa kuanzia 2018 yalibeba matangi yanayohifadhi joto. Kwenye jaribio, ukifunga kisima bila kusukuma dizeli ndani ya bomba la uzalishaji lililo kisimani, nta inaziba na geji ya juu inadanganya. Chukueni data ya geji ya chini pekee.

Mdau, Nakuru: Dada, 281 nakubali. Ila ilitangazwa namba, si mchoro wa shinikizo. Sehemu za mafuta za Amosing na Ngamia zilipimwa kwa muda mrefu zaidi 2015, kuona kama visima jirani vinahisiana shinikizo. Mpango ni kuvuta maji ya bwawa la Turkwel yasukume mafuta hayo. Visima visipowasiliana chini kwa chini, maji hayo hayatasukuma chochote. Kwa hiyo michoro ya 2015 iwekwe mezani kabla tone la Turkwel halijagawiwa.

Dada wa Milimani, Kisumu: Hapo tuko pamoja. Na kila mchoro uje na kina cha geji.