Wanaouza listi za nyumba za serikali Marekani ni wezi, tuache kuwaonea aibu

Jamani nimechoka na hawa watu. Tunaoishi huku Marekani tunaibiwa mchana kweupe na hizi saiti zinazotangaza nyumba za serikali kwa bei ya kutupa, eti lipia kwanza ndo uone listi. Nilipie nini? Nyumba za HUD, yaani wizara ya nyumba ya Marekani, zimewekwa wazi HUD Home Store, tovuti yao wenyewe, kuangalia ni bure!!

Shemeji yangu kaweka kadi kwa majaribio ya dola moja, muda ulipoisha wakakata hela kamili, kapiga simu kufuta wakamzungusha weee, mwezi uliofuata wakakata tena. Na listi yenyewe uchafu mtupu. Kaenda kuona nyumba moja, kakuta baiskeli za watoto barazani, mama mwenye nyumba kafungua mlango anatetemeka akidhani ni watu wa benki wamekuja kumtoa. Nyumba haijachukuliwa na mtu! Yule mama kachelewesha marejesho tu, bado ni kwake, na anuani yake inauzwa kwa yeyote mwenye kadi. Hamna haya nyie?

La maana hawalisemi. Hizi nyumba za HUD zinatokana na mikopo yenye bima ya FHA, idara iliyo chini ya HUD, mtu akishindwa kulipa benki inachukua nyumba, FHA inailipa benki, nyumba inabaki mikononi mwa HUD wanaiuza. Ofa huweki mwenyewe, lazima upitie dalali aliyesajiliwa na HUD. Na inauzwa kama ilivyo, paa likivuja lako, mabomba yamepasuka kwa baridi yako, hawakurekebishii hata kitasa, fundi wa kukagua unamlipa wewe na mara nyingi unakuta maji na umeme vilishakatwa. Hayo ndo mtu anatakiwa aambiwe kabla hajaanza kupiga hesabu ya nyumba rahisi.

Ile nusu bei wanayoiimba nayo ni programu ya Good Neighbor Next Door, ya walimu, polisi, zimamoto na wahudumu wa ambulensi, maeneo maalum tu na lazima uishi humo miezi 36. Shemeji anapakia mizigo ghalani, nusu bei ataipatia wapi? Walijua hilo wakati wanachukua hela yake.

Sasa benki inamwambia eti aliidhinisha mwenyewe. Kuna mtu humu kakatwa hivi na akarudishiwa? Uliwaambia nini benki, ulipeleka karatasi gani? Andikeni hapa, maana hii hela siiachi.