Heda umeisahau, kompaila imenyamaza: tupeane uzoefu

Wakuu, leo ni vituko vya kusahau heda, lile faili la `#include` linaloitambulisha fanksheni kwa kompaila (programu inayogeuza kodi iwe ya kuendeshwa na mashine). Naanza na aibu yangu. Programu yangu ya C ilikimbia miaka kwenye mashine ya biti 32. Nikaihamishia ya biti 64: leo inapita, kesho segfault, inaanguka kwa kugusa kumbukumbu isiyo yake. Siku mbili nikailaumu RAM, masikini. Kumbe nilitumia malloc (fanksheni ya kuomba kumbukumbu, inarudisha anwani yake) bila `#include <stdlib.h>`, kompaila yangu ya zamani, isiyoijua malloc tangu ndani, ikadhani inarudisha int (namba ya biti 32), anwani ya biti 64 ikakatwa nusu. Anwani ikiwa ya chini, salama. Ikiwa ya juu, umekwisha. Na mbele ya malloc nilikuwa nimeandika `(int *)`, kwa hiyo hata lile onyo la kugeuza int kuwa pointa (anwani) nililifunga mdomo mwenyewe. Leteni vyenu.

Nukta_Mkato: Pole mkuu. Ruhusa ya kuita fanksheni bila kuitangaza, C99 (kanuni za C za 1999) iliifuta, ila kompaila ya GCC iliendelea kutoa onyo tu mpaka toleo la 14, mwaka 2024, ndipo ikawa kosa. Kompaila nyingine, Clang, ilitangulia na toleo la 16. Mimi nilipandisha GCC, maktaba ya zamani ikagoma usiku. Nikaweka `-fpermissive`, inayorudisha kosa hilo kuwa onyo, nikalala. Asubuhi heda tatu, kwisha.

Biti_Moja: Wewe ulibahatika, ilikugomea waziwazi. Mimi ni skripti ya configure, ile inayopima mfumo una nini kabla ya kujenga programu. Kile kijiprogramu chake cha majaribio hakikuwa na heda, kompaila mpya ikakikataa, configure ikaamua mfumo wangu hauna fanksheni hiyo! Ikajenga bila kuiweka, kimyakimya. Wiki nzima natafuta kwa nini programu imekuwa nzito, jibu limekaa ndani ya config.log, faili la ripoti yake.

Mgeni_wa_C: Samahani wakuu, mbona printf (ya kuandika kwenye skrini) kwangu inafanya kazi bila heda yake, stdio.h?

Mleta mada: Kompaila yako ya zamani hiyo, mdogo wangu. GCC inaijua printf tangu ndani, inakupa onyo kisha inakusaidia. Andika fanksheni yako inayorudisha double (namba ya desimali), iweke faili jingine, uiite bila kuitangaza. Utaona namba za ajabu. Ukimaliza weka `-Werror=implicit-function-declaration`, inayogeuza onyo hilo kuwa kosa, usiitoe tena.

Mzee_wa_Makefile: Wa C++ msicheke. uint32_t yangu (aina ya namba ya biti 32) ilikuwa ikija kwa mgongo wa `<string>`. GCC 13 ikapunguza heda zinazovutana humo ndani, faili zaidi ya arobaini zikalia siku moja. Zote zilitaka `<cstdint>`.

Biti_Moja: Arobaini? Mzee, uliziandika kwa mkono?

Mzee_wa_Makefile: Kwa sed, ile programu ya kubadilisha maandishi kwa mkupuo. Ikaiweka na ndani ya komenti.