Valvu ya usalama inafyatuka kabla swichi haijakata. Niikaze?

Koleo
Habari zenu wakuu. Nina kompresa niliyoiunganisha mwenyewe: mota ya friji, mtungi wa hewa wa breki za lori wa lita 24 (kibao chake kinasema mwisho wa presha ni bar 10), swichi ya presha, geji na valvu ya usalama iliyogongwa muhuri wa bar 9. Naitumia kupulizia rangi na kupuliza vumbi. Swichi nimeiseti iwashe kwenye 6 na izime kwenye 8.

Shida ni kwamba haifiki huko. Geji ikisoma kama 7, valvu inatoa mlio wa ssss, halafu inafyatuka kwa kishindo na kumwaga hewa mpaka 6, ndipo inajifunga. Mota haipati nafasi ya kuzima. Jirani kaniambia niikaze ile skrubu ya juu mizunguko miwili. Mwingine anasema niing'oe niweke bolti, eti swichi inatosha. Kabla sijagusa kitu, nani anaweza kunieleza kinachofanyika humo ndani?

Bomba_Tupu
Wala usihangaike mkuu. Achana na huo mtungi, tengeneza wa bomba la PVC la inchi 4, ziba pande zote. Mepesi na hayashiki kutu.

MamaNati
@Bomba_Tupu, hapana, na naomba mtu asiufuate huo ushauri. Namba iliyopigwa kwenye PVC ni ya maji, tena maji ya baridi. Likipata joto nguvu yake inashuka. Likipasuka likiwa na maji, presha inaisha papo hapo kwa sababu maji hayabonyei. Hewa inabonyea, kwa hiyo nguvu yote imekaa humo ikisubiri, na PVC haichaniki kama chuma, inavunjika vipande vyenye ncha. Huo mtungi wa Koleo wenye bar 8 umebeba takriban kilojuli 25. Ni kama mzigo wa nusu tani unaoanguka kutoka mita 5.

Mshindo
Koleo, usiikaze. Nakueleza ilivyo.

Ndani kuna kidiski kinachokalia tundu, na springi inayokigandamiza. Tundu likiwa na kipenyo cha milimita 10, hewa ya bar 9 inakisukuma kwa nyutoni 70 hivi, yaani uzito wa kilo 7. Springi imepimwa ishindwe hapo. Hewa ikianza kushinda unasikia huo mlio wa ssss. Kidiski kikiinuka kidogo tu, hewa inakutana na eneo pana zaidi la chini yake, nguvu inaongezeka ghafla, kinaruka. Ndiyo maana inafyatuka badala ya kufunguka polepole, na ndiyo maana haijifungi mpaka presha ishuke chini ya pale ilipofungukia. Skrubu ya juu inabana springi. Ukiizungusha, ile 9 iliyogongwa inakuwa uongo.

Bolti ndiyo mbaya kabisa. Swichi ni kitu cha umeme, na siku ncha zake za umeme zikigandana mota haitasimama. Hizo mota za friji zikiachwa zinaweza kusukuma kupita bar 20. Na asije mtu akasema regulata itasaidia: regulata inapunguza hewa inayotoka kwenda kwenye mpira, haijui lolote kuhusu mtungi ulio nyuma yake.

Ugonjwa huu wa kukaza ni wa kale. Kwenye mashindano ya vichwa vya treni ya Rainhill, Uingereza, mwaka 1829, masharti yalidai valvu mbili za usalama, moja dereva asiweze kuifikia. Waliwajua madereva wao.

MamaNati
Kuna kitu kinanisumbua hapa. Valvu yenye uchafu kwenye kiti chake huvuja mfululizo, hata presha ikiwa ndogo. Hii ya Koleo inanyamaza, inafyatuka, inajifunga safi. Ni tabia ya valvu nzima. Koleo, ile swichi uliiseti kwa kuangalia nini?

Koleo
Kwa kuangalia geji hiyohiyo iliyo kwenye mtungi. Niliitoa kwenye mashine nyingine ya zamani.

MamaNati
Ndiyo hivyo, huenda geji ndiyo inayodanganya. Azima geji nyingine, ifunge na hiyo kwenye mtungi mmoja, uzisome pamoja. Simama pembeni, usielekee mdomo wa valvu, na vaa miwani.

Koleo
Nimerudi wakuu. Geji mpya inasoma 9 pale ya zamani inaposoma 7. Kwa hiyo valvu ilikuwa inafunguka mahali pake.

Mshindo
Sasa piga hesabu ya swichi. "8" yako ilikuwa kati ya 10 na 11. Ungeikaza ile skrubu, mtungi ungepita namba ya kibao chake kila mota ikiwaka, na geji ingekuonyesha 8 bila wasiwasi.

Tupa geji ya zamani, seti swichi upya ikate kwenye 8 ya kweli. Valvu ibaki moja kwa moja juu ya mtungi, kusiwe na koki yoyote katikati ambayo mtu anaweza kuifunga.

Koleo
Sawa mkuu, swichi nimeshairekebisha, sasa mota inazima. Valvu hii imefyatuka mara nyingi, bado inafaa?

MamaNati
Vuta pete yake mtungi ukiwa na bar 7 hivi. Ikipiga na kujifunga bila kuvuja, endelea nayo. Ikibaki na ssss, nunua nyingine ya bar 9, usijaribu kuichonga. Na fungua koki ya chini umwage maji kila ukimaliza kazi, mitungi hii huoza kuanzia chini ambako huoni.

Bomba_Tupu
Na mimi nimeling'oa langu la PVC. Hiyo mitungi ya lori huwa na matundu ya saizi gani?

Koleo
Yanatofautiana. Wangu ulihitaji adapta ya shaba. Pima nyuzi kwanza.