Wapwa wanakuja likizo, bibi hataki niwapeleke Mkunazini. Nifanyeje?

MwanaBububu:
Assalaam alaykum jamani. Dada yangu kaolewa Dodoma, na Desemba hii ananiletea watoto wake watatu, wa miaka 14, 11 na 8. Yule mkubwa kanipigia simu mwenyewe: "Mjomba, pwani nimeichoka, mwaka huu tuoneshe mambo ya zamani." Nikafurahi kama mjinga. Nikapanga Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa, siku ya kwanza, Mangapwani kwenye chumba cha kufichia watumwa ya pili, kisha boti mpaka Pemba siku tatu.

Jioni nikamsomea bibi ratiba yangu. Akaacha kuchambua mchele. "Huko Mkunazini unawapeleka kutafuta nini? Mambo yale hayazungumzwi." Hakusema neno tena mpaka isha.

Nieleze kidogo. Upande wa babu tulikuwa na mashamba ya karafuu. Upande wa bibi inasemwa, tena kwa kunong'ona jikoni, kwamba bibi yake yeye aliletwa mtumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa akiwa mtoto. Yaani mpwa akiniuliza "Mjomba, sisi tulikuwa upande gani?" jibu ni kote kuwili. Hili ndilo linaloninyima usingizi, si nauli. Nianzie wapi, na niseme nini mbele ya mtoto wa miaka 8?

ShogaWaKikwajuni:
Huyo wa 8 siku ya Mkunazini mwache na bibi yake wapike visheti. Zile sanamu za watu watano shimoni na minyororo shingoni, binti yangu alilala na taa wiki nzima.

MtembezaMji:
Ndugu yangu, usianzie Mkunazini. Natembeza wageni mwaka wa 11 huu, na watoto wakitoka mle wanakumbuka minyororo, mtu hawamkumbuki.

Wewe uko Bububu, Mtoni ni jirani yako. Wapeleke kwanza kwenye magofu ya kasri la Seyyid Said. Waambie hapa mwaka 1844 alizaliwa Bibi Salme, binti wa Sultani. Halafu subiri mmoja aulize, na mama yake je? Mama yake alikuwa Mcherkasi, mtu wa milima ya Kaukasi, alitekwa kwao akiwa mtoto, akaishia suria wa Sultani. Hapo umeshaingia kwenye utumwa kwa mlango wa nyumba badala ya mlango wa soko, na hata wa miaka 8 anaielewa habari ya mtoto aliyechukuliwa kwao. Kisha pandeni Kidichi mkaone hamamu, nyumba ya kuogea, ambayo Seyyid Said aliijenga 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah. Mume mmoja, na wanawake wawili walioingia kwake kwa njia mbili tofauti. Mkubwa ataunganisha mwenyewe.

Jambo jingine. Vile vyumba vya chini mtakavyooneshwa Mkunazini, jengo la juu yake lilijengwa na wamisionari kuwa hospitali, soko likiwa limeshafungwa. Wenzangu wengi bado wanahadithia kwamba watumwa walirundikwa mle wakingoja mnada. Mimi siku hizi nasema "inasimuliwa". Bakshishi imepungua kidogo.

HajiNoma:
Bibi kasema lisizungumzwe, wewe umelileta mtandaoni. Adabu iko wapi? Visiwa hivi vidogo, kila mtu anamjua babu wa mwenzake. Mkianza kuhesabu nani alikuwa nani, harusi ngapi zitavunjika?

BintiWete:
Haji, zimeshavunjika hizo kwa kunyamaza. Mjomba wangu posa yake ilirudishwa kwa sababu ya "asili", na nyumbani hakuna aliyetwambia asili gani. Nimejua nina miaka 35, tena nimeambiwa msibani na mtu baki.

MaalimMstaafu:
Mwanangu, nimesomesha historia skuli mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na kosa moja silisahau: kila mwaka watoto waliandika kwamba utumwa ulikwisha 1873. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash, Sultani wa wakati huo, alitia saini mkataba wa kufunga masoko na kukataza watu wasisafirishwe baharini. Aliyekuwa shambani alibaki shambani. Amri ya kuuondoa utumwa wenyewe ilitoka Aprili 1897, na hata hapo mtu ilibidi aende mahakamani mwenyewe kuomba uhuru wake. Masuria walingoja mpaka 1909.

Kwa hiyo huyo bibi wa Nyasa huenda soko la Mkunazini hakuliona hata kwa mbali. Kile chumba cha kuchongwa kwenye jiwe Mangapwani kinahusishwa na magendo yaliyoendelea baada ya 1873, kwa hiyo kwa familia yenu kinaweza kuwa na maana zaidi. Msikichanganye na pango la asili lenye maji matamu lililo karibu yake.

Bibi usimhoji na simu mkononi. Kaa naye, mchambulie mchele.

KijanaWaChake:
Yakhe, Pemba siku tatu zinatosha mkishuka Mkoani mapema. Pujini ndiko kutakakowapata watoto. Ni ngome ya karne ya 15, na wazee wanasimulia kwamba mtawala wake, Mkama Ndume, aliwalazimisha watu kubeba mawe yake wakijiburura kwa makalio. Kipo na kisima. Ati wake zake wawili walikuwa hawapatani, akatia ukuta katikati wasionane wakichota maji. Watoto watacheka, halafu waulize nani aliyejenga ukuta huo na alilipwa nini. Kutumikishwa hakukuanza na Seyyid Said.

Mtambwe Mkuu, mji wa kale, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 mwaka 1984, lakini ukifika leo utaona mikoko na mawe tu, wa miaka 8 atalia. Ras Mkumbuu nendeni na mashua mkapate kuuona msikiti na makaburi ya minara.

Na kama babu yako alikuwa mtu wa karafuu, waambie pia habari ya 1872. Kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika. Kila mwenye mtaji akaanza kutafuta mikono ya kazi huku kwetu, na mwaka uliofuata ndipo soko likafungwa. Piga hesabu hiyo mwenyewe.

MwanaBububu:
Ahsanteni sana, hata wewe Haji, maana yako niliisoma mara mbili. Tutaanzia Mtoni na Kidichi, Mangapwani siku ya pili, Mkunazini nitakwenda na wale wakubwa wawili tu.

Jana nilifuata ushauri wa Maalim. Nikachambua mchele kilo nzima kimya. Bibi hakunihadithia kitu, ila kanirekebisha: bibi yake hakuitwa lile jina tulilolizoea sisi, lile alipewa shambani. La kwao lilikuwa jingine, kanitajia, kisha akainuka kwenda kutawadha.

Asubuhi kaniuliza gari la Mangapwani lina nafasi ya mbele, maana magoti yake hayapandi nyuma. Kwa hiyo nina swali jipya: nani ana gari la chini la kukodi kwa siku mbili, watu watano?