Mwaka katika hati ya Injili ya Kigiriki: mbona hesabu yangu inakataa?

Msomahati
Habari wakuu. Natazama picha za hati ya Injili nne iliyoko Maktaba ya Taifa ya Urusi, St. Petersburg (Gr. 219, kwenye orodha ya hati za Agano Jipya ni namba 461). Mwishoni mwandishi, mtawa Nikolao, ameweka tarehe: 7 Mei, indiktioni ya 13, mwaka ͵ϛτμγ. Kila ninaposoma naambiwa ni ya mwaka 835, tena kwamba ndiyo kongwe kuliko zote zenye tarehe katika mwandiko wa herufi ndogo. Mimi napata 6343. Nikitoa 5500 inabaki 843. Nimekosea wapi? Halafu kwenye hati nyingine, mwisho wa Mathayo kuna ͵βχ, na juu kidogo kuna η. Huo nao ni mwaka?

Kaziyangozi
Herufi umezisoma sawasawa: 6000, 300, 40, 3. Kasoro ni hiyo 5500. Wabizanti walihesabu miaka tangu kuumbwa ulimwengu, na mwaka wao wa kwanza ulianza 1 Septemba, 5509 kabla ya Kristo. Kwa hiyo tarehe ikiangukia Januari hadi Agosti, toa 5508. Ikiwa ni Septemba hadi Desemba, toa 5509, maana mwaka wao umekwisha kugeuka na wetu bado.

Mei: 6343 − 5508 = 835.

Upande wa pili, chukua kifo cha Theodoro wa Stoudios, abati wa Konstantinopoli, 11 Novemba 826. Ukigeuza kwenda hesabu yao unajumlisha 5509, unapata 6335. Ukijumlisha 5508 umeikosa kwa mwaka mzima, na kosa hilo limejaa kwenye katalogi za zamani.

Usiishie hapo, ipime kwa indiktioni. Ni mzunguko wa miaka 15, nao huanza Septemba. Gawanya mwaka wa ulimwengu kwa 15, baki ndiyo indiktioni. Ikibaki sifuri, ni ya 15. 6343 kwa 15 ni 422, inabaki 13. Nikolao ameandika 13. Hapo unaweza kulala usingizi.

Mwaka na indiktioni visipokubaliana, kwanza ishuku namba ya mwaka. Indiktioni ndiyo iliyotumika kila siku kwenye kodi na barua, kwa hiyo mwandishi aliijua bila kufikiri. Mwaka wa ulimwengu ilimbidi aukokotoe.

Pambizoni
Nyongeza kuhusu kusoma herufi zenyewe, maana wengi huangukia hapo. Wale waliozoea abjadi (herufi za Kiarabu zikitumika kama namba) watauona mfumo huu mwepesi, lakini maumbo yana mitego. Beta na kapa za mwandiko huu zote hufanana na "u", tofauti ni mkono wa kushoto wa kapa kurefuka juu. Ukichanganya hizo, 2 inakuwa 20. Kinga yake ni mpangilio: maelfu, mamia, makumi, mamoja. Ukiona kapa imekaa mahali pa mamoja, ujue ni beta. Pia 6 (ϛ) si sigma. Sigma ni 200.

Sasa ile ͵βχ. Ni 2600, wala si mwaka. Ni idadi ya mistari ya Mathayo kwa kipimo cha kale, mstari mmoja ukikadiriwa silabi 15 au 16, ambacho ndicho kilichotumika kumlipa mnukuzi. Kawaida Marko ni 1600, Luka 2800, Yohana 2300. Usijaribu kuhesabu mistari ya ukurasa ulio mbele yako ukitegemea ilingane. Namba hizi zilinakiliwa tu kutoka hati hadi hati.

Na η ni 8: maelezo ya kimapokeo kwamba Injili ya Mathayo ilitolewa miaka 8 baada ya Kristo kupaa. Kwa Marko utaona 10, Luka 15, Yohana 32. Kuna watu hung'ang'ania kuzigeuza namba hizo kuwa tarehe ya hati.

Msomahati
Asanteni sana. Na hizi namba mbili mbili zilizopandana pambizoni, ya chini mara nyingi kwa wino mwekundu?

Pambizoni
Hizo ni za Eusebio wa Kaisaria, askofu wa karne ya 4. Ya juu ni namba ya sehemu (Mathayo ana 355, Marko 233, Luka 342, Yohana 232). Ya chini, 1 hadi 10, inakutuma kwenye jedwali mwanzoni mwa kitabu. Mathayo 1:1 ina α juu ya γ: sehemu ya 1, jedwali la 3, ambalo ni la Mathayo, Luka na Yohana. Ukifungua jedwali hilo unakuta wenzake ni sehemu ya 14 ya Luka na sehemu ya 1 ya Yohana. Jedwali la 10 ni la habari zilizo katika Injili moja tu. Majedwali yakikosekana usishangae, karatasi za mbele ndizo huchomoka kwanza, na hizo zenye nguzo na rangi zilikatwa na wauzaji.

Usizichanganye na vichwa vya sura vilivyo juu ya ukurasa: Mathayo 68, Marko 48, Luka 83 na Yohana 18. Sura ya 1 ya vichwa hivyo haianzii mwanzo wa kitabu. Kwa Mathayo ni habari ya mamajusi (2:1), kwa Yohana ni harusi ya Kana (2:1).

Kaziyangozi
Tahadhari moja kuhusu tarehe. Linganisha mwandiko na wino wa maneno ya mwisho na ule wa ukurasa uliotangulia. Mnukuzi aliweza kunakili na tarehe ya nakala aliyokuwa akiitazama, na mwenye kitabu wa baadaye aliweza kuandika mwaka alipokinunua au kukikarabati. Soma kitenzi: "ilikamilika" ni kazi ya mwandishi, "ilinunuliwa" si kazi yake. Hati isiyo na tarehe kabisa hupimwa kwa mwandiko, na hapo mtu makini atakupa karne au nusu karne. Akikupa mwaka kamili, muulize ameusoma ukurasa gani.