Nimejifunza kuchora mwenyewe, mnunuzi hataki niweke sahihi. Nikubali?

Wakuu, salaam. Mimi niko Lushoto. Kuchora sikusomea popote. Nilianza na mabango ya maduka, rangi zikibaki nachora mandhari ya huku milimani Usambara: Irente pale unapoitazama nyika kwa chini, msitu wa Magamba, kabichi kwenye matuta. Watalii wachache hununua. Sasa mwenye duka la vinyago Arusha anataka mzigo kila mwezi: Kilimanjaro, twiga, Mmasai chini ya mgunga, na jina langu lisionekane. Bei yake haifiki nusu ya yangu, ila ni ya uhakika, na ada za watoto hazisubiri.

*Jibu 1:*
Kubali mkuu. Njaa haina sahihi. Usambara yako chora Jumapili.

*Jibu 2:*
Hapo juu unampoteza mwenzio. Edward Saidi Tingatinga naye hakusomea. Katoka Tunduru, kapitia mkonge Tanga, kaja Dar kutafuta vibarua. Alianza kuchora kama 1968, rangi za baiskeli juu ya hadibodi, akiuza Morogoro Stores, Oysterbay. 1972 polisi wakampiga risasi, wakimdhania mhalifu. Miaka minne hivi tu, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima. Asingeliandika kwenye picha, tungemjua?

*Jibu 3:*
Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inakupa haki ya kutambuliwa kuwa ndiye uliyechora, na kuuza picha si kuuza ruhusa ya kuinakili. Lakini ukiikuta kwenye fulana bila jina, utaithibitishaje? Mchoree Kilimanjaro zake, sahihi na tarehe nyuma ya turubai, kila kazi uipige picha kabla haijatoka. Na muandikishane, hata karatasi moja.

*Mwanzisha uzi:*
Akikataa hata ya nyuma?

*Jibu 3:*
Muulize anaficha nini.

*Jibu 4:*
Kaka, mimi nauza picha Dar. Kilimanjaro zimejaa kila kibanda, ndiyo maana bei yake iko chini. Usambara anaiulizia aliyefika huko, kwa hiyo mfuate hukohuko: ongea na nyumba za wageni za Lushoto wakutundikie, wachukue asilimia yao. Chora ndogo, turubai bila fremu. Hadibodi mtalii haibebi. Halafu hicho kijani cha kopo kwenye picha uliyoweka ni kikali mno. Tia njano na kahawia kidogo.

*Mwanzisha uzi:*
Kijani nimekisikia, dada. Wa Arusha namjibu kesho: picha tano kwanza, sahihi nyuma, nusu ya hela mbele.