Pi 4: mausi inarukaruka na SSD inajitoa nikinakili mafaili. Habu itasaidia?

poti_bluu: Wakuu habari. Nina Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja), mfumo wake wa Bookworm upo kwenye kadi ya SD. Poti moja ya bluu (USB 3.0) ina SSD ya inchi 2.5 kwa adapta ya SATA, ya pili ina kipokezi cha kibodi na mausi zisizo na waya, za 2.4 GHz. Nikianza kunakili mafaili makubwa mausi inarukaruka, herufi zinajirudia zenyewe (nnnnn), halafu diski inapotea. Chaja ni ya simu, 5V 2A. Ninunue habu (kifaa cha kuongeza poti za USB) yenye umeme wake, au diski ndiyo mbovu?

fundi_volti: Mkuu, habu iache kwanza. Pi 4 inataka 5.1V 3A, na poti zote nne za USB zinagawana 1.2A kwa jumla. Chaja ya simu inakosea mara mbili: amp ni chache, na kebo nyembamba inakula volti njiani. Ikishuka chini ya kama 4.63V bodi inalalamika. Wakati kunakili kunaendelea, andika:

`vcgencmd get_throttled`

0x0 ni salama. 0x50005 maana yake umeme ni mdogo sasa hivi na prosesa imepunguzwa kasi. 0x50000 inasema ilitokea tangu uwashe, ila kwa sasa imetulia. Usipime bodi ikiwa imepumzika, utapata jibu zuri lisilo na maana.

antena_fupi: Hizo herufi zinazojirudia si za umeme. USB 3.0 ikifanya kazi inatoa kelele ya redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, na kipokezi chako kimekaa ubavuni kwa diski. Taarifa kwamba kitufe kimeachiwa ikipotea, kompyuta inaona bado umekibonyeza. Kihamishie poti nyeusi (USB 2.0) kwa kebo ya kurefushia ya nusu mita au zaidi, mbali na waya wa diski.

poti_bluu: Ilikuwa 0x50005. Nimeweka chaja ya 5.1V 3A, sasa ni 0x0, na mausi imetulia kabisa baada ya kuweka ile kebo ya kurefushia. Diski bado inajitoa. Kwenye `dmesg` (ujumbe wa ndani wa mfumo) kuna mistari mingi ya `uas_eh_abort_handler`.

fundi_volti: Basi mtuhumiwa ni adapta, diski iache. Chipu nyingi za adapta hizi hazielewani vizuri na UAS, ile njia ya kasi ya kuongea na diski za USB. Izime kwa adapta hiyo peke yake. `lsusb` itakupa namba yake, tuseme 152d:0578. Nakili `/boot/firmware/cmdline.txt` pembeni, kisha mwanzoni kabisa mwa mstari weka hii, ikifuatiwa na nafasi moja:

`usb-storage.quirks=152d:0578:u`

Weka namba yako, si hii ya mfano. Na faili lote libaki MSTARI MMOJA. Ukibonyeza Enter katikati, Pi inaweza isiwake. Ikitokea, chomoa kadi, rekebisha faili kwenye kompyuta nyingine. Ukishawasha upya, `lsusb -t` ionyeshe `Driver=usb-storage` badala ya `uas`. Kasi itapungua kiasi, lakini diski haitakukimbia.

antena_fupi: Habu utaihitaji ukiongeza diski ya pili, hasa ya kuzunguka, maana inavuta umeme mwingi inapoanza. Ukinunua, ijaribu hivi: chomoa chaja ya Pi, acha habu ina umeme. Taa nyekundu ya Pi ikiwaka, habu inarudisha umeme kwenye bodi kwa mlango wa nyuma. Irudishe dukani.

Na kwa kuwa diski imekatika ikiandika, ikague kabla hujaijaza tena. Kama imepangwa kwa ext4 (mfumo wa mafaili wa Linux): `sudo umount /dev/sda1`, kisha `sudo fsck -f /dev/sda1`. Kwenye fstab (faili la diski za kuunganishwa Pi ikiwaka) tumia UUID (namba ya utambulisho isiyobadilika) kutoka `lsblk -f` pamoja na `nofail`, kwa sababu sda ya leo inaweza kuwa sdb kesho, na bila `nofail` Pi itakwama kuwaka siku diski haipo.